Battle Royal katika Mieleka ya Kulipwa: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Battle royal ni pambano la namna gani?

Ni pambano linaloweka wanamieleka wengi ulingoni kwa wakati mmoja, kila mtu akijipigania mwenyewe, na atakayebaki peke yake ndiye mshindi. Katika umbo lake la kawaida hakuna kubana mabega kwa hesabu ya tatu, wala hakuna kumkaba mtu mpaka agonge mkeka aachiwe. Njia ya kumwondoa mpinzani ni moja tu: arushwe juu ya kamba ya juu kabisa na miguu yake yote miwili iguse sakafu nje ya ulingo. Hakuna kupokezana zamu, hakuna kuhesabiwa nje hadi kumi, na kwa kawaida hakuna anayetolewa kwa kucheza rafu.

Kanuni hiyo moja inageuza mieleka yote. Fundi wa kukaba viungo anakosa kazi, na mwenye miguu myepesi anapata nafasi ambayo asingeipata akisimama na mtu mzito ana kwa ana. Ukubwa wa mwili nao una pande mbili. Mtu wa kilo 200 hanyanyuliwi kirahisi, lakini kwa sababu hiyohiyo watu watano wanaacha ugomvi wao na kumvamia kwa pamoja. Ndiyo maana ushindi wa André the Giant katika WrestleMania 2, onyesho kubwa la kila mwaka la kampuni ya WWE (wakati huo WWF), mwaka 1986, kwenye pambano la watu 20 lililochanganya wanamieleka na wachezaji wa futiboli ya Marekani, ulikuwa na uzito wake. Kila mtu alijua nani wa kuondolewa kwanza, na bado hakuondolewa.

Ni lini hasa mtu anahesabiwa ametoka?

Mambo matatu lazima yatimie: apite juu ya kamba ya juu, ateremke hadi sakafuni, na sakafu iguswe na miguu miwili. Likikosekana moja, bado yumo.

Anayepita katikati ya kamba au kubiringika chini ya kamba ya mwisho hajatoka. Anaweza kukaa nje dakika nzima akivuta pumzi kisha akarudi, na wengi hufanya hivyo makusudi. Anayerushwa juu akatua kwenye ukingo wa ulingo, ule upana mdogo nje ya kamba, hajatoka. Anayening'inia kwenye kamba huku mguu mmoja umegusa chini hajatoka. Katika Royal Rumble, battle royal ya kila mwaka ya WWE ambako mifano mingi hapa imetoka, mwaka 1995 Shawn Michaels alirushwa nje na British Bulldog, akashika kamba, mguu wake mmoja tu ukagusa sakafu. Bulldog alidhani amekwisha kushinda na alikuwa akishangilia pale Michaels alipopanda tena na kumsukuma nje.

Kwa kuwa kanuni inataja miguu, mikono haihesabiki. Mwaka 2012 Kofi Kingston alitua kwa viganja, akatembea kichwa chini miguu juu hadi kwenye ngazi za chuma, akaweka miguu juu ya ngazi na kurudi ulingoni. Ngazi si sakafu, kwa hiyo alibaki. Tangu hapo karibu kila Januari mashabiki husubiri kuona nani atakuja na ujanja mpya wa kuikwepa sakafu.

Na mtu akijirusha nje mwenyewe?

Hapa kanuni imewahi kutumiwa kwa namna mbili zinazopingana. Mwaka 1992 Randy Savage aliruka kamba ya juu akimfukuza Jake Roberts aliyekuwa amekwisha kutolewa, na akaruhusiwa kuendelea kwa hoja kwamba hakurushwa na mtu. Lakini mwaka 1989 André the Giant alitoka mwenyewe akimkimbia nyoka hai ambaye Roberts alikuwa akija naye ulingoni, na ikahesabiwa. Mwaka 1997 Mil Máscaras aliruka kutoka juu ya kona kumwangukia mtu aliyekuwa nje, na ikahesabiwa pia.

Msimamo uliozoeleka sasa ni kwamba kujirusha ni kutoka. Tunaona ndio msimamo sahihi: sakafu ikianza kuuliza nani kamsukuma nani, marefa watabishana usiku kucha.

Je, asiye mshiriki anaweza kumtoa mshiriki?

Ndiyo, na kuondolewa huko kunahesabika. Mwaka 1993 Giant González, ambaye hakuwa mshiriki wa pambano, aliingia na kumtoa The Undertaker. Mwaka 1992 Hulk Hogan alikuwa tayari yuko nje alipomshika mkono Sid Justice, na Ric Flair akatumia nafasi hiyo kumsukuma Sid na kushinda.

Kinyume chake, refa asipoona, tukio halijatokea. Mwaka 1997 Bret Hart alimtoa Steve Austin huku marefa wakiwa wameshughulishwa na ugomvi mwingine upande wa pili. Austin akarudi kimyakimya na kushinda pambano zima.

Royal Rumble ina tofauti gani na battle royal ya kawaida?

Katika battle royal ya kawaida wote huanza pamoja kengele ikilia. Katika Royal Rumble wanaanza wawili, na wengine huingia mmojammoja kwa namba kila muda fulani unapotimia. Wazo hilo linatokana na Pat Patterson, mwanamieleka aliyekulia katika mapambano makubwa ya aina hii yaliyofanyika kila mwaka Cow Palace, karibu na San Francisco. Royal Rumble ya kwanza ilifanyika tarehe 24 Januari 1988 huko Hamilton, Ontario, nchini Kanada. Washiriki walikuwa 20, na Jim Duggan akashinda. Mwaka uliofuata idadi ikapanda hadi 30, na hapo ndipo ilipotulia, ukiacha mwaka 2011 walipoingia 40. Pambano la wanawake lilianza tarehe 28 Januari 2018 huko Philadelphia, mshindi akiwa Asuka. Mwezi Aprili mwaka huohuo, mjini Jeddah, Saudi Arabia, waliingia watu 50 na Braun Strowman akashinda.

Kuingia kwa zamu ndiko kulikoliokoa pambano hili. Watu 30 wakianza pamoja, dakika tano za mwanzo huwa msongamano tu, na mtazamaji hajui aangalie wapi. Wakiingia kwa zamu, kila baada ya muda mfupi kuna hesabu ya kushuka kutoka kumi, king'ora, na sura mpya mlangoni.

Pambano la watu 30 huchukua muda gani?

Hesabu yenyewe ni rahisi. Wawili wakianza pamoja, namba 30 huingia baada ya vipindi 28. Vipindi vya dakika mbili humleta baada ya dakika 56, vya sekunde 90 baada ya dakika 42, na vya sekunde 60 baada ya dakika 28. Ongeza dakika 5 hadi 15 za kumaliza waliobaki. Mwaka 1995 walitumia sekunde 60, na pambano likaisha mapema mno kulinganisha na miaka mingine. Muda unaotangazwa mara nyingi ni sekunde 90 au dakika mbili, lakini ukishika saa utaona hauheshimiwi kila mara: mtu mwenye safari ndefu ya kufika ulingoni, au tukio linalohitaji nafasi, hubadilisha vipindi.

Namba ya kuingia ina uzito kiasi gani?

Kimantiki, namba 30 ndiyo bora, kwa kuwa anayeipata hukutana na watu waliochoka. Ajabu ni kwamba hakuna aliyeshinda kwa namba hiyo mpaka The Undertaker mwaka 2007. Namba 27 ndiyo iliyokuwa na sifa ya bahati: John Studd mwaka 1989, Yokozuna 1993, Bret Hart 1994 na Steve Austin 2001.

Namba 1 na 2 ndizo zinazojenga majina. Shawn Michaels aliingia wa kwanza na kushinda mwaka 1995, Edge akafanya hivyo mwaka 2021, na Rhea Ripley upande wa wanawake mwaka 2023. Rey Mysterio, mtu mdogo kwa umbo, aliingia wa pili mwaka 2006 na kudumu zaidi ya dakika 62 hadi kushinda. Gunther, mwaka 2023, alidumu zaidi ya dakika 71 tangu namba 1, akabaki wa mwisho pamoja na Cody Rhodes, na kushindwa. Ukitaka kujua mwanamieleka anaaminiwa kiasi gani na waandaaji, ambao ndio hupanga matokeo, angalia dakika alizokaa kabla hujaangalia kama alishinda.

Upande mwingine wa rekodi yupo Santino Marella, aliyetolewa na Kane mwaka 2009 kabla sekunde mbili hazijatimia.

Kuna aina gani nyingine?

Ni nyingi, na tofauti zao huwa kwenye namna ya kutoka, idadi ya malingo, au namna ya kuingia.

World War 3 ya kampuni ya WCW, iliyofanyika kuanzia 1995 hadi 1998, ilitumia malingo matatu yaliyopangwa bega kwa bega na watu 60. Wazo lilikuwa kubwa kuliko macho ya kamera. Skrini iligawanywa vipande vitatu, na watu wakawa wanatolewa bila mtazamaji kujua ni nani. Kwa maoni yetu ndilo funzo kubwa kwamba kuongeza watu si kuongeza utamu.

Gauntlet for the Gold ya kampuni ya TNA huenda kwa kamba ya juu mpaka wabaki wawili, kisha hao humalizana kwa kubana mabega au kukaba. Mshindi wa kwanza, Juni 2002, alikuwa Ken Shamrock. Umbo hili linafaa pale mnapotaka mwisho unaofanana na mieleka ya kawaida.

Casino Battle Royale ya kampuni ya AEW huingiza watu kwa makundi yanayofuata rangi nne za karata, watu watano kila kundi, na wa 21 huingia peke yake akiwa kama "joker", karata ya ziada. Ya kwanza ilifanyika Mei 2019 huko Las Vegas na Hangman Page akashinda.

Nchini Japani mara nyingi kubana mabega na kukaba kunaruhusiwa pamoja na kurusha nje. Matokeo yake utaona watu sita wamemlalia mmoja kwa pamoja, mbinu ambayo kwenye umbo la Kimarekani haina maana.

Ipo pia ya timu za watu wawiliwawili, ambapo kanuni ya zamani ni kwamba mmoja akitolewa mwenzake naye ametoka. Na ipo ya kinyume, ambapo wote huanzia nje na kugombania kuingia ulingoni.

Wawili wa mwisho wakianguka pamoja inakuwaje?

Kuna njia mbili: kuwatangaza wote washindi au kuanza upya. Katika Royal Rumble ya 1994 Bret Hart na Lex Luger waligusa sakafu kwa pamoja, marudio ya video hayakutenganisha miguu yao, na wote wakatangazwa washindi. Hilo lilipangwa. Mwaka 2005 John Cena na Batista walivuka kamba pamoja bila kukusudia. Marefa wakagawanyika, kila upande ukiinua mkono wa mtu wake, mpaka Vince McMahon, mkuu wa WWE wakati huo, alipokuja kwa hasira kuamua. Alipokuwa akiingia ulingoni aliumia misuli ya mapaja yote mawili, akatoa amri akiwa ameketi chini. Pambano likaanza upya na Batista akashinda.

Kinachosababisha ajali ya namna ile ni uzito. Anayerusha anapobaki ameshikamana na anayerushwa, kilo zinazovuka kamba humvuta naye. Dawa yake ni kuachia mapema na kurudisha makalio nyuma kabla uzito wa mwenzako haujapita kamba.

Kama matokeo yamepangwa, ugumu uko wapi?

Uko kwenye kuanguka. Sakafu ya ulingo iko karibu mita moja kutoka chini, na kamba ya juu iko zaidi ya mita moja juu ya hiyo. Anayevuka kamba anateremka zaidi ya mita mbili, mara nyingi akiwa hatazami anakokwenda.

Namna salama ni hii. Anayetolewa anashika kamba ya juu kwa mkono mmoja au yote miwili kabla hajavuka. Anayemtoa anamnyanyua kwa mguu au kumpa kasi tu. Mzunguko unafanywa na anayetoka mwenyewe. Akishavuka, mkono ulioshika kamba unageuza mwili wake mpaka miguu ielekee chini, na ukingo wa ulingo unapunguza mwendo kwa paja au nyonga. Anatua kwa miguu yote miwili, magoti yakiwa yamekunjwa, kisha anabiringika. Kamba inaachiwa mwisho kabisa.

Makosa yanayoumiza watu ni yaleyale kila mara. Kuachia kamba mapema humgeuza mtu atue kwa mgongo au shingo. Kutua kwa mguu mmoja hupasua kifundo au goti. Kutotazama chini humfanya amwangukie mwenzake aliyetolewa sekunde chache nyuma na bado yuko palepale. Na mtu aliyechoka baada ya dakika 40 hushika kwa vidole badala ya kiganja.

Sisi tuna kikundi cha mieleka na tunataka kuandaa moja. Tuzingatie nini?

Anzeni na eneo. Ulingo wa futi 18 kwa 18 una takriban mita za mraba 30. Watu 20 humo wanapata mita moja na nusu kila mmoja, na hapo hakuna anayeweza kukimbilia kamba bila kugonga mtu. Kwa ulingo huo, 12 hadi 15 kwa wakati mmoja ndio ukomo unaoruhusu kazi nzuri. Mkitaka watu wengi zaidi, waingizeni kwa zamu na mhakikishe ndani hawazidi 8 hadi 10.

Kisha uzito. Watu 20 wa kilo 100 ni tani mbili, na huhama kwa pamoja. Kagueni boliti za fremu, mbao chini ya mkeka, na vikaza kamba kwenye kona nne asubuhi, kisha tena dakika chache kabla ya pambano hili. Kamba hubeba mzigo kuliko katika pambano lolote lingine kwa sababu watu watatu wanne huilalia upande mmoja. Iwe ni kamba halisi iliyovingirishwa utepe au waya wa chuma ndani ya bomba la mpira, ikilegea, anayetolewa hupoteza mhimili wake.

Nje ya ulingo wekeni mikeka pande zote nne. Ondoeni nyaya, viti na, kama hamzihitaji, ngazi za chuma. Marefa wawe nje, angalau mmoja kila upande: kazi yao ni kuona miguu, kumwondoa haraka aliyetolewa, na kutazama aliyeumia. Kuwepo na ishara moja ya mkono inayojulikana na wote inayomaanisha mtu ameumia kweli, maana katika mkusanyiko ule maumivu halisi na ya kuigiza hufanana.

Upande wa mpangilio, msimpe kila mtu orodha ya matukio yote. Kila mmoja akumbuke mambo matatu: nani anayetoka kabla yake, nani anayemtoa, na upande gani wa ulingo. Achaneni na mambo mawili makubwa kwa wakati mmoja kwenye pande tofauti, kwa sababu watazamaji wataona moja. Wasiohusika na tukio linaloendelea wabaki kwenye kona wakisukumana taratibu. Huko kukumbatiana kwenye kona, ambako mashabiki wengi hulalamikia, ndiko kunakofungua katikati ya ulingo na kuwapa wenzao pumzi.

Mshindi hupata nini?

Hutegemea waandaaji. Mara nyingi ni nafasi ya kuwania mkanda. Tangu 1993 mshindi wa Royal Rumble amekuwa akipewa pambano la ubingwa katika WrestleMania. Mara chache mkanda wenyewe huwa mezani: Ric Flair aliutwaa wa WWF katika Royal Rumble ya 1992 kwa kuingia namba 3 na kudumu takriban saa nzima, na Randy Savage aliutwaa wa WCW katika World War 3 ya 1995. Wakati mwingine ni heshima na kombe tu, kama pambano la kumkumbuka André the Giant lililoanza mwaka 2014, ambapo Cesaro alimnyanyua Big Show na kumtupa nje.

Jina hili lilitumika wapi kabla ya mieleka?

Nchini Uingereza, tangu karne ya 17, lilihusishwa na mapigano ya majogoo: majogoo kadhaa waliachiwa pamoja shimoni mpaka abaki mmoja. Baadaye likahamia kwa mabondia.

Nchini Marekani lina historia chungu ambayo haipaswi kurukwa. Katika karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, vijana na wanaume Weusi, mara nyingi wakiwa wamefungwa vitambaa machoni, waliwekwa ulingoni kupigana wote kwa wote ili kuwaburudisha watazamaji Weupe, kisha wakatupiwa sarafu. Jack Johnson, aliyekuja kuwa bingwa wa kwanza Mweusi wa uzito wa juu mwaka 1908, alipitia mapigano hayo ujanani. Ralph Ellison aliyaandika katika sura ya kwanza ya riwaya yake Invisible Man ya mwaka 1952. Anayependa mchezo huu leo anapaswa kujua kwamba jina lake liliwahi kuwa la udhalilishaji.

Gemu za battle royale zinahusianaje na mieleka?

Zinashiriki wazo la wengi kuingia na mmoja kubaki, ila zimepitia njia nyingine. Jina lao, lenye herufi e mwishoni, linatokana na riwaya ya Kijapani ya Koushun Takami ya mwaka 1999 na filamu yake ya mwaka 2000, kuhusu wanafunzi wanaolazimishwa kuuana kisiwani. PUBG ya mwaka 2017 ilieneza umbo la wachezaji 100 wanaoshuka kwa parachuti bila silaha. Fortnite ikafuata mwaka huohuo, kisha Apex Legends ya 2019 kwa wachezaji 60, na Warzone ya 2020 kwa 150.

Gemu hizi zilikutana na tatizo lilelile la mwanamieleka anayebiringika chini ya kamba na kujificha: kama kujificha kunalipa, kila mtu atajificha. Ufumbuzi wao ni duara salama linalojifunga kila baada ya dakika kadhaa na kuwaumiza walio nje yake. Mieleka hufanya kinyume: ulingo unabaki na ukubwa uleule, na shinikizo huletwa na watu wapya wanaoongezeka ndani.

Je, neno hili hutumika nje ya michezo?

Ndiyo. Waandishi wa Kiingereza huliita hivyo gombano lolote lenye pande tatu au zaidi: wagombea wengi wa kiti kimoja, au kampuni kadhaa zinazogombea soko moja. Kwa pande mbili tu halifai, hata kama ugomvi ni mkali kiasi gani. Kwa Kiswahili, ugomvi wa kila mtu na kila mtu tayari una jina lake: patashika nguo kuchanika.